Ndoo Iliyoshonwa

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba ninasomea usanifu wa bidhaa, wazee huuliza kama nitajenga nyumba, na vijana wenzangu hudhani nachora nembo za kubandika kwenye fulana. Shangazi yangu mmoja alilifikiria jambo hilo kwa muda, akahitimisha: "Kumbe ni ufundi, ila wa kukaa kwenye kiti." Sikumbishia. Niko mwaka wa tatu sasa, na kila muhula unaopita naona shangazi hakukosea sana.

Likizo hii niko Dodoma kwa fildi, kwenye karakana moja ya vyuma. Asubuhi nakata bomba, napiga msasa, nasimama pembeni fundi mkuu anapochomelea kwa sababu bado haniamini na mashine. Saa sita, jua likishika mabati, kazi inapoa, nami natoka kwenda kukaa kwa mzee mmoja anayeshona plastiki jirani na Soko la Majengo. Ana jiko la mkaa, misumari minne ya unene tofauti yenye vishikio vya mti, koleo, waya mwembamba na kiroba kilichojaa vipande vya ndoo zilizokwisha kazi. Hana kibao. Ndoo tatu zilizopangwa chini ya mwarobaini ndizo tangazo lenyewe.

Siku ya kwanza nilimpa shikamoo, nikamweleza ninachosoma. Akaitikia, akanitazama, akauliza: "Sasa hivyo vitu mnavyochora, vikipasuka vinashonwa wapi?" Nikacheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Mwenzangu, kwa miaka mitatu nimeulizwa kuhusu umbo, gharama, soko, hata rangi, lakini swali hilo lilikuwa geni masikioni mwangu.

Ndoo aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya lita 20, ya bluu, ya mama lishe wa pale pale sokoni. Ilianguka ikiwa imejaa. Ufa ulianzia kwenye kitako ukapanda ubavuni kiasi cha shibiri moja. Aliigeuza, akagusa kinundu kidogo katikati ya kitako. "Hiki kitovu chake," akasema. "Nyingi zinaanzia hapa."

Jina hilo limekaa vizuri. Ndoo ya plastiki hutengenezwa kama mtu anayepigwa sindano: punje za plastiki zinayeyushwa, kisha uji wake unasukumwa kwa nguvu kubwa kuingia kwenye kalibu ya chuma kupitia tundu, na kwa ndoo tundu hilo huwa katikati ya kitako. Uji unaingia pale, unatambaa kwenda pembeni, unapanda ukutani hadi kwenye ukingo, halafu unaganda. Pale mlangoni ndipo palipobanwa zaidi, kwa hiyo panaganda pakiwa na mkazo ndani yake, kama kamba iliyosokotwa sana ikafungwa fundo kabla haijatulia. Geuza ndoo yoyote nyumbani kwako utakiona hicho kitovu. Somo hili nimelisoma muhula mzima, michoro yake nimeichora na alama nzuri nimepata, lakini sikuwahi kuigeuza ndoo ya mama yangu nikaitazama kitako.

Mzee hakuanza kushona. Alichukua msumari mwembamba kuliko yote, umeiva mwekundu, akatafuta mahali ufa unapoishia. Mimi mstari ulikuwa umeshanipotea. Yeye alipitisha kidole gumba taratibu, akasimama, akatoboa tundu dogo la duara. Moshi mwembamba ukapanda. "Ufa una kichwa," akasema. "Ukishona mwili ukaacha kichwa, wiki ijayo mteja anarudi na maneno."

Darasani hilo lina jina refu na fomula. Ncha ya ufa ni kali mno, na nguvu yote inayoivuta ndoo inakusanyika pale kwenye ncha. Ukiweka duara, nguvu inapata njia ya kuzunguka badala ya kuendelea kuchana. Mafundi wa ndege hufanya hivyo hivyo kwenye bati la bodi ya ndege. Mwaka 1954 ndege mbili za abiria aina ya Comet, zilizotengenezwa Uingereza, zilisambaratika zikiwa angani, na uchunguzi ukaonyesha kwamba chuma kilikuwa kimechoka: nyufa ndogo zilianzia kwenye pembe za matundu yaliyokatwa kwenye bodi, zikarefuka kidogo kidogo kila ndege ilipopaa na kutua. Mzee wangu hajapata kusikia habari za Comet. Za ndoo anazo nyingi.

Baada ya kichwa cha ufa ndipo alipotoboa matundu pande zote mbili, akapitisha waya kwa mshono wa kukingama, akaukaza kwa koleo, na mwisho akayeyusha kipande cha plastiki juu ya mshono, akikisambaza kwa bapa la msumari kama mtu anayepaka samli kwenye chapati. Hapo nikagundua kwamba ndani ya kiroba chake kuna mifuko miwili, na vipande vya huku haviingii kule. "Ya dumu na ya kiti haziongei," alinieleza. "Utaipaka ikae vizuri, ikipoa inabanduka kama gamba."

Ni kweli tupu. Dumu ni polietilini, ile yenye namba 2 ndani ya kipembetatu cha mishale chini ya kitako. Kiti cha plastiki ni polipropilini, namba 5. Ukiziyeyusha pamoja hazishikani, kila moja inajitenga na mwenzake. Ndoo sasa ndizo vigeugeu, kiwanda hiki kinatumia hii, kile kinatumia ile, na namba mara nyingi imefutika kwa kuburuzwa. Kwa hiyo yeye huchoma ukingo kidogo, ananusa. "Ya dumu inanuka mshumaa." Nilikwenda kuthibitisha nyumbani kwa kipande cha dumu na kiberiti. Inanuka mshumaa.

Tangu hapo nikiingia kwenye nyumba ya mtu natafuta viraka kwanza. Mpini uliozungushiwa mpira wa tyubu, kizibo ambacho si kizibo, kiti kilichovalishwa kiti kingine. Kila kimoja kinaonyesha mahali ambapo msanifu aliishia na mwenye kitu akalazimika kuendelea mwenyewe. Sisemi hivi kwa kuwasifu watu wetu kwamba ni wabunifu, maana sifa hiyo tumeizoea na haimpunguzii mtu mzigo kichwani. Nasema hivi kwa sababu kiraka ni taarifa, na hapa mjini taarifa hiyo imelala chini ya miarobaini bila mtu wa kuisoma.

Chukua dumu la njano la lita 20. Dodoma ni nchi kavu. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na wastani wake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Hata kwenye nyumba zenye bomba utakuta madumu yamepangwa ukutani, maana bomba ni bomba na mgao ni mgao. Lakini hakuna msanifu aliyelichora dumu hilo kwa ajili ya maji ya kisima. Lilichorwa kubebea mafuta ya kula kutoka kiwandani hadi dukani, na maisha yake yalitakiwa yaishe mafuta yanapoisha. Kazi yake kubwa imeanza pale mchoro wake ulipokoma.

Ukoo wake nao ni wa namna hiyo hiyo. Kabla yake kulikuwa na debe, bati la pembe nne lililokuja na mafuta ya taa, la galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na ushee. Jina tumelipata kwa Wahindi. Mafuta yalikwisha, bati likabaki, likawa kipimo: hadi leo mkulima atakuambia kavuna madebe kadhaa, wakati anachopimia ni ndoo ya plastiki. Waingereza walibebea petroli kwenye mabati ya galoni nne katika jangwa la Afrika Kaskazini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na yalikuwa yanavuja vibaya, maana yalikuwa membamba na mishono yake haikuvumilia kurushwa rushwa kwenye malori. Walipoteka makopo ya Wajerumani hawakuamini macho yao. Wakayanakili, wakayapa jina la utani walilowaita Wajerumani, Jerry. Ndiyo asili ya jerikeni inayosikika kwa majirani zetu.

Kopo lile la Kijerumani la miaka ya 1930 lilikuwa na vishikio vitatu juu, sambamba. Nimekaa na mchoro wake usiku mzima nikautamani. Likiwa limejaa, mtu mmoja analishika kishikio cha kati. Likiwa zito kwake, watu wawili wanashika vya pembeni, kila mmoja upande wake, bila kugongana mikono. Yakiwa matupu, unayasogeza mawili yakaribiane, kishikio cha pembeni cha hili na cha lile vinaingia kwenye kiganja kimoja, unaondoka na manne kwa mikono miwili. Ubavuni lina alama ya msalaba iliyobonyezwa kwenye bati. Haikuwekwa kwa urembo, inaupa ukuta ugumu na nafasi ya kutanuka petroli ikipata joto. Juu kuna nafasi ya hewa inayolifanya lielee majini.

Dumu letu la plastiki lilirithi ujazo wa lita 20, likaacha vishikio viwili. Kwa muuza mafuta hiyo ni sawa, lori linabeba. Lakini nenda kwenye kisima chochote cha kijijini jioni uwaangalie watoto wawili waliotumwa maji. Maji lita 20 ni kilo 20, na dumu lenyewe juu yake. Wanapitisha mti kwenye kile kishikio kimoja, mmoja mbele mwingine nyuma, dumu linaning'inia katikati likiwagonga magoti. Ule mti ndio vishikio viwili vilivyoachwa.

Na kizibo! Kizibo chake ni kidogo na hakijafungwa popote. Kikidondoka kwenye tope la kisimani ndiyo mwisho wake. Nyumbani kwa bibi, upande wa Mvumi, nilihesabu madumu saba na vizibo viwili. Matano yaliyobaki yana gunzi la muhindi lililozungushiwa nailoni, na niseme kweli, gunzi linaziba vizuri: lina sponji yake ya asili, likilowa linavimba. Mdomo nao ni mwembamba, mkono hauingii. Watu wa afya wanaupenda mdomo mwembamba kwa sababu hakuna anayechovya kikombe wala vidole ndani. Lakini mkono usioingia kuchovya hauingii pia kusugua, kwa hiyo ukijani unaota kwenye kona za ndani, na kina mama wanatia mchanga, kokoto ndogo na sabuni ya unga, wanatikisa mpaka mabega yanauma. Hapa kuna mradi wa mwaka mzima kwa mwanafunzi yeyote anayetafuta mradi, mimi nimeshapata wangu.

Halafu dumu likipasuka halitupwi. Likikatwa ubavu linakuwa hori la mbuzi, likikatwa kichwa linakuwa kopo la kuchotea, na likining'inizwa kwenye mti kwa kamba yenye kanyagio la mguu linakuwa kibuyu chirizi cha kunawia nje ya choo. Naipenda sana hiyo. Wazo lenyewe lilianzia Zimbabwe na kibuyu halisi, kibuyu kikaondoka likaja dumu, ila kwenye Kiswahili jina limekataa kuondoka. Bibi yangu anavyo vibuyu viwili vya kweli, vya maziwa, na anashangaa kwa nini watoto wa shule wanaita dumu kibuyu.

Tukirudi kwa bibi. Mwaka wa kwanza tulionyeshwa darasani pipa la Afrika Kusini liitwalo Q Drum, la mwaka 1993: linabeba lita 50, limeumbwa kama andazi lenye tundu katikati, unapitisha kamba kwenye tundu unalivuta likibingirika lenyewe. Darasa zima tulipiga makofi. Mimi nikatoka nimewaka moto. Mwaka wa pili nikachora kigari cha kubebea madumu mawili, magurudumu ya baiskeli ya mtoto, fremu ya bomba, mpini wa kurekebisha kimo. Kwenye korido ya chuo kilikwenda kama maji. Nikakileta Mvumi kwenye basi, nikalipia mzigo kama abiria.

"Mbukwa, bibi." Akaitikia, akakizunguka mara mbili, akasema ni kizuri. Asubuhi tukaenda nacho kisimani. Kati ya nyumba na kisima kuna korongo, na korongo la Dodoma wakati wa kiangazi ni mto wa mchanga. Magurudumu yakazama hadi kwenye ekseli. Tukakibeba kigari, na madumu, na mpini wa kurekebisha kimo. Upande wa pili kuna njia nyembamba katikati ya migunga, na migunga inadondosha miiba. Siku ya pili gurudumu la kushoto likapata pancha. Siku ya tatu la kulia. Fundi baiskeli wa karibu yuko mwendo wa saa nzima. Jioni bibi alikunja kanga yake ikawa kata, akaiweka kichwani, akanyanyua dumu kwa msaada wa binamu yangu, akasema bila kugeuka, kwa sababu mwenye dumu kichwani hageuki: "Mjukuu wangu, kichwa changu hakipati pancha."

Kigari bado kipo. Magurudumu yamehamia kwenye toroli la binamu, fremu imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko na kuku wanalala juu yake. Nilipata alama nzuri kwa mradi ule, kwa sababu aliyeusahihisha aliuona kwenye korido.

Sisemi kichwa ni jibu. Shingo ya bibi inauma na hilo analisema kila usiku. Ila sikuwa nimeilipa kata heshima yake kabla ya kuishindania. Kata ya kanga haina bei, inakaa kwenye umbo la kichwa chochote, inapita njia ya upana wa bega, na ukifika inarudi kuwa kanga. Ukitaka kuiondoa lazima ujue unashindana na nani.

Kiti cha plastiki nitakipitia haraka. Watu wengi walikaribia wazo la kiti cha kipande kimoja tangu miaka ya 1940, lakini aliyelifikisha kiwandani kwa kasi ni Mfaransa Henry Massonnet mwaka 1972, kiti kikitoka kwenye kalibu kwa muda usiofika dakika mbili. Kalibu ni ghali kupita kiasi, kiti ni cha bei rahisi, na ndiyo maana kiti hicho hicho kimekaa kwenye harusi za dunia nzima. Dodoma iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, mawingu ni machache, jua linaikausha polipropilini hadi inatoa unga mweupe ukiigusa. Kinachofuata ni mguu wa nyuma kuchanika pale unapokutana na kikalio, kwa kawaida mbele za watu. Suluhisho la mtaani mmeliona: kiti kilichochanika mguu wa kushoto kinavalishwa juu ya kilichochanika wa kulia, mnapata kiti kimoja kizima kizito. Misibani vijana wanaopanga viti wakimwona mzee mwenye mwili anakuja, wanachomoa viti viwili vilivyobebana bila kuambiwa, wanamwekea. Ni adabu, na ni hesabu ya mzigo pia, imefanywa kwa jicho tu.

Kuna kiraka kimoja ambacho sikipendi, nacho ni kile cha soketi. Soketi zetu ni za mtindo wa Uingereza uliowekwa mwaka 1947, pini tatu bapa. Pini ya juu ni ndefu kuliko mbili za chini, na kazi yake mojawapo ni kufungua vizuizi vidogo vilivyofunika matundu yenye umeme, ili mtoto asiweze kuchomeka msumari. Ni kazi ya akili sana. Tatizo ni kwamba chaja nyingi tunazonunua ni za pini mbili za mviringo. Basi kila nyumba ina kifuniko cha peni ya Bic kilichotengwa kwa kazi hiyo: unakisukuma kwenye tundu la juu, vizuizi vinafunguka, unabana chaja yako ya pini mbili ikakaa inachezacheza na kutoa cheche. Sasa cheka au lia: kifuniko hicho nacho kina tundu kwenye ncha, lililowekwa ili mtoto akikimeza apate pa kupumulia. Wasanifu wawili, kila mmoja akimfikiria mtoto, na sisi tumekitumia cha mmoja kukishinda cha mwingine. Nimemwambia mdogo wangu aache, akaniuliza nimpe chaja ya pini tatu. Sikuwa nayo.

Mradi wangu wa mwaka huu ni ugali. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na kwa nyumba nyingi za hapa safari hiyo inaanza na mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake. Kwa chai na mboga ni raha. Kwa ugali ni sarakasi. Sufuria zetu hazina mikono, na sababu zake ni nzuri: zinauzwa kwa seti zikiingiana, na kwenye mafiga mkono wa chuma ungekuwa moto na ungegonga jiwe. Lakini kusonga ugali wa uwele, ule mzito tunaokula na mlenda, ni kazi ya mabega. Sufuria inazunguka, mtungi unayumba, na gesi ikikaribia kuisha mtungi unakuwa mwepesi ukayumba zaidi. Mama hushusha sufuria sakafuni, anaibana kwa nyayo juu ya kitambaa, anasonga, anairudisha motoni. Mara tatu au nne kwa ugali mmoja. Ile kushusha na kupandisha ndiyo kiraka chenyewe, ila kimeshonwa kwa mgongo wa mama.

Nikachora stendi: pete ya nondo inayozunguka mtungi kwenye mabega, iko wazi pande zote ili valvu ifikike na hewa ipite, miguu mitatu iliyotanuka, na juu vidole vitatu vya kubana ubavu wa sufuria. Miguu mitatu kwa sababu sakafu zetu hazijanyooka, na kitu cha miguu mitatu hakitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde. Kiti cha miguu minne kinatikisika, mafiga hayajawahi. Toleo la kwanza tulichomelea kila kitu. Nikalipeleka kwa mzee wa ndoo nikiwa na furaha. Akalishika, akalipindua kama anavyopindua ndoo, akaweka kidole pale kidole cha juu kilipochomelewa kwenye pete. Hakusema neno. Nikajua anauliza nini.

Toleo la pili lina bolti pale, za kufungwa kwa spana namba 13, maana hiyo haikosekani kwenye kijiwe cha bodaboda. Kidole kikipinda kinafunguliwa, kinanyooshwa kwa nyundo, kinarudi. Na kwa sababu tundu la bolti ni refu, kidole kinasogea kufuata ukubwa wa sufuria. Hilo, nikiri, lilitokea kwa bahati.

Jumamosi mama alisongea ugali juu yake bila kushusha sufuria. Alisema ni sawa. Mama akisema ni sawa na kunyamaza, subiri. Jumapili asubuhi nilipoingia jikoni nilikuta stendi imevaa viatu: miguu yote mitatu ina vipande vya soli ya kandambili ya zamani, vimefungwa kwa waya, ili isiteleze kwenye saruji. Nilichukua rula nikapima ile soli. Unene milimita 14. Nimeiandika kwenye mchoro.